Kutoka Posho hadi Mlo Uliopimwa: Istilahi za Jiko la Utafiti wa Lishe

Katika makala haya tunakusudia kuyachunguza maneno yanayotumika, na yanayofaa kutumika, katika kazi moja ambayo bado haijapata msamiati wake kamili katika Kiswahili, nayo ni kazi ya kutayarisha chakula cha watu wanaoshiriki katika utafiti wa lishe. Somo hili laweza kuonekana dogo. Lakini mfasiri anayekabidhiwa taratibu za utafiti wa namna hiyo hugundua upesi kwamba anawaandikia watu watatu kwa pamoja: mtaalamu anayetaka hesabu zake zitoke sawa, mpishi anayetaka kujua atie nini chunguni, na mwananchi anayeombwa kula chakula hicho, ambaye ana haki ya kujua ni jambo gani analolikubali. Neno moja likipotoka, mtaalamu atapata hesabu za uongo, mpishi atalaumiwa kwa kosa lisilo lake, na mwananchi atakuwa ametia sahihi asichokifahamu.

Mifano yetu mingi tumeichukua kutoka Tabora na njia ya zamani ya misafara, ile iliyotoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikafika Unyanyembe, kisha ikaendelea hadi Ujiji. Tumefanya hivyo kwa sababu mbili. Kwanza, njia hiyo ni mojawapo ya njia kuu zilizokieneza Kiswahili bara, na ilikuza msamiati wa kupima na kugawa chakula muda mrefu kabla ya kuja kwa mizani ya maabara. Pili, vyakula vya watu wa Tabora vina majina yanayopambanua mambo ambayo mtafiti wa lishe naye hana budi kuyapambanua.

1. Kazi yenyewe

Kabla ya kuchagua maneno, yafaa tuielewe kazi. Katika utafiti mwingi wa lishe watu huulizwa walikula nini jana, na majibu yao huandikwa. Njia hiyo ni nyepesi, lakini hutegemea kumbukumbu ya mtu. Njia ya pili ni ngumu zaidi: watafiti wenyewe hupika, hupima, hugawa, na huhakikisha kwamba kilichogawiwa ndicho kilicholiwa. Lengo ni kwamba badiliko likionekana katika damu au katika uzito wa mshiriki, iweze kusemwa kwa haki kuwa limetokana na chakula na si na jambo jingine.

Nchini mwetu kazi hii si ngeni. Katika miaka ya 1990 wataalamu walilinganisha watoto wadogo waliopewa togwa na wenzao waliopewa uji usiochachushwa, mara moja kwa siku kwa muda wa siku 13, ili kuona uchachushaji unavyowaathiri vijidudu vya tumboni. Hivi karibuni zaidi, mwaka 2025, yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa mkoani Kilimanjaro na watafiti wa Moshi pamoja na wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi. Wanaume 77 wenye afya walishiriki. Baadhi yao waliozoea chakula cha asili walibadilishiwa wakala chakula cha kimagharibi kwa wiki mbili. Wengine waliozoea chakula cha kimagharibi wakala cha asili kwa muda huo huo. Kundi la tatu likanywa mbege kwa wiki moja. Na wachache wakaendelea na chakula chao cha kawaida. Miongoni mwa waliohamia chakula cha kimagharibi zilionekana dalili za uvimbe wa ndani ya mwili, na baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yanaonekana wiki nne baadaye. Kama watafiti hao wasingekuwa na hakika ya nani alikula nini, wasingeweza kusema neno.

Hakika hiyo hujengwa jikoni. Unga wa muda wote wa utafiti aghalabu hununuliwa kwa mara moja, kutoka shehena moja, kwa kuwa mahindi ya shamba moja si sawa na ya shamba jingine. Kila kiambato hupimwa kwa gramu kabla ya kuingia chunguni. Chungu hupimwa kikiwa kitupu, kisha hupimwa tena kikiwa na chakula kilichoiva, ili ijulikane ni maji kiasi gani yaliyopotea kwa mvuke. Orodha ya milo hupangwa kwa mzunguko wa siku kadhaa, halafu huanza upya. Sahani zikirudi, kilichobaki hupimwa. Sehemu moja iliyo sawa kabisa na ya mshiriki hutengwa na kupelekwa maabara, kwa sababu majedwali ya vyakula, hata yale ya Tanzania yaliyotolewa mwaka 2008, hutoa wastani tu. Hayawezi kusema ni nini hasa kilichomo katika ugali wa leo.

Mpishi mzuri wa nyumbani hukwaa mara moja katika sheria hizi. Vitabu vyetu vya mapishi husema "chumvi kiasi", na mpishi huelewa. Mkono wake nao una vipimo vyake: chopa, yaani kiasi kinachookotwa kwa ncha za vidole; konzi, yaani kiasi kinachoshikwa na ngumi; na ukufi, yaani kiasi kinachokaa katika kitanga cha mkono. Maneno haya ni mali ya lugha na hatupendi yapotee. Lakini katika jiko la utafiti chopa ya mpishi wa asubuhi na chopa ya mpishi wa jioni ni vitu viwili. Chumvi ya Uvinza, iliyokuwa bidhaa mashuhuri katika njia ya kwenda Ujiji, ingeingia katika jiko hili kwa gramu tu, na mpishi angekatazwa kuongeza hata punje baada ya kuonja.

2. Posho: neno lililosafiri mbali mno

Mfasiri anayetafuta neno la chakula kinachopimwa na kugawiwa watu kwa kanuni, huenda likamjia kwanza neno posho. Ni neno lenye haki ya kufikiriwa. Katika misafara ya karne ya 19 posho ilikuwa chakula cha kila siku cha mpagazi, na kipimo chake cha kawaida kilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa mtu mmoja kwa siku. Burton na Speke, waliofika Kazeh, yaani Tabora, mwezi Novemba 1857, waliukuta utaratibu huo umekwisha kuwa sheria ya njia. Msafara uliopunguza posho ulikimbiwa na wapagazi wake, na kiongozi aliyeshindwa kuitoa hakuwa na la kuwaambia.

Hata hivyo, tangu zamani posho haikuwa chakula peke yake. Mahali ambapo nafaka haikuchukuliwa, mpagazi alipewa nguo au ushanga, akaenda mwenyewe kijijini kununua chakula. Posho basi ilikuwa na sura mbili: chakula kilichopimwa, na mali ya kununulia chakula. Sura hizo mbili ndizo zilizoachana baadaye. Katika Uganda posho imekuwa jina la ugali wa mahindi wenyewe. Katika Kenya kinu cha kusagia mahindi huitwa kinu cha posho. Katika Tanzania neno limeshika njia ya pili, na leo mtumishi wa serikali akisikia posho hafikirii unga. Anafikiria fedha za safari au za kikao.

Sasa tuchukue mfano wa maelezo ya utafiti yatakayosomwa kwa watu wa Tabora mjini, Urambo au Sikonge. Mfasiri akiandika kwamba "kila mshiriki atapewa posho kwa siku 14", msikilizaji ataelewa kwamba analipwa fedha. Atakubali kwa sababu ya fedha, na siku ya kwanza ataletewa sahani ya ugali uliopimwa. Hapo mfasiri amekuwa sababu ya ahadi ya uongo, ingawa kamusi inaweza kumtetea kwa maana ya zamani. Kwa hiyo maoni yetu ni kwamba posho iachwe katika maana yake ya leo, na isitumike kwa chakula cha utafiti. Historia ya neno hutusaidia kulielewa, lakini anayetia sahihi hatii sahihi historia.

3. Kibaba: ujazo si uzito

Neno la pili katika urithi wa misafara ni kibaba. Vibaba viwili ni kisaga, na vibaba vinne ni pishi. Kibaba cha nafaka hukadiriwa kuwa ratili moja na nusu, yaani karibu gramu 680. Tukikisia kwamba nafaka hiyo ni mtama, kwa hesabu ya leo ingempa mpagazi takriban kilokalori 2,300 kwa siku, kabla hajapata mboga, nyama ya mawindo au asali ya njiani.

Lakini kibaba ni kipimo cha ujazo. Kibaba cha uwele na kibaba cha unga wa muhogo hujaa chombo kile kile na kutofautiana uzito. Tena Kiswahili chenyewe kilikwisha kuona tatizo, kikatofautisha kibaba cha mfuto na kibaba cha tele. Kibaba cha mfuto ni kile kilichofutwa juu kikawa sawa na ukingo wa chombo. Kibaba cha tele ni kile kilichoachiwa kichungu. Wafanyabiashara walijua vizuri kwamba faida iko katika kichungu hicho: mwenye kununua alitaka cha tele, na mwenye kuuza alipenda cha mfuto.

Mtafiti wa lishe naye yumo katika ugomvi huo huo. Tukichukulia kwamba kichungu kinaongeza sehemu moja tu ya kumi, mtu aliyelishwa kibaba cha tele kila siku angekula kilokalori 230 zaidi ya mwenzake wa mfuto, na katika siku 14 tofauti ingefika 3,220. Tofauti kama hiyo yatosha kuharibu utafiti mzima. Kwa sababu hiyo vipimo vya ujazo, kama kibaba, kikombe, kijiko na upawa, visiingie katika taratibu za jiko la utafiti isipokuwa kwa maji na vimiminika vinavyopimwa kwa chombo chenye alama. Walakini tunapendekeza jozi ya mfuto na tele isitupwe. Mwalimu anayefundisha kupima, na afisa lishe anayewaeleza akina mama wa kijijini kijiko cha chumvi kiwe namna gani, watapata katika "kijiko cha mfuto" usemi mfupi na wazi kuliko maelezo yoyote yaliyofasiriwa.

4. Neno moja la kigeni, dhana mbili

Tunafika katika kiini cha makala haya. Kiingereza hutumia neno moja kwa mambo mawili tofauti. Hulitumia kwa mlo ambao watafiti wameupima na kuusimamia, na hulitumia pia kwa kundi la watu ambalo makundi mengine hulinganishwa nalo. Mfasiri aliyelifuata neno hilo ameandika "mlo uliodhibitiwa" na "kundi la udhibiti", naye akadhani amemaliza kazi.

Kwa hakika ameziunganisha dhana ambazo mara nyingine hukutana na mara nyingine huachana. Katika utafiti mmoja mashuhuri wa Marekani kuhusu chakula na shinikizo la damu, uliochapishwa mwaka 1997, washiriki 459 walilishwa kwanza chakula cha aina moja kwa wiki tatu, kisha wakagawanywa katika makundi matatu kwa wiki nane. Kundi la kulinganishia lilipewa chakula cha kawaida cha Wamarekani, lakini chakula hicho nacho kilipikwa na kupimwa na watafiti. Katika utafiti wa Kilimanjaro tuliotaja, waliokuwa wa kulinganishia waliendelea na chakula chao cha kawaida. Basi yawezekana mtu awe katika kundi la kulinganishia na mlo wake uwe umepimwa, na yawezekana awe katika kundi hilo hilo na mlo wake usipimwe. Lugha inayotumia neno moja kwa mambo haya humlazimisha msomaji kukisia.

Kitenzi kudhibiti nacho kina uzito wake. Tunadhibiti magendo, tunadhibiti mfumuko wa bei, tunadhibiti wahalifu. Mwananchi akiambiwa kwamba chakula chake kitadhibitiwa, ni rahisi adhani kwamba atanyimwa.

Tumefikiria maneno kadhaa badala yake. "Mlo wa mizani" ni usemi mfupi na unapendeza, lakini utachanganywa na mlo kamili, kwa kuwa mizani humfanya mtu afikirie usawa wa vyakula mbalimbali. "Mlo wa kipimo" unakaribia, lakini katika hospitali zetu kipimo ni uchunguzi wa maradhi; mtu akiambiwa ale "mlo wa kipimo" atauliza anapimwa ugonjwa gani. "Mlo wa majaribio" unasema kweli kuhusu utafiti, ila hausemi lolote kuhusu kupimwa, na tena hata chakula kisichopimwa chaweza kuwa cha majaribio. Baada ya kuyapima haya yote tunapendekeza "mlo uliopimwa". Ni usemi wa Kiswahili cha kila siku. Unaeleza jambo lililofanyika. Mpishi anauelewa, na mshiriki anauelewa. Kwa kundi tunapendekeza "kundi la ulinganisho". Maneno hayo mawili hayafanani, na ndivyo inavyotakiwa, kwa kuwa dhana zake hazifanani.

5. Maneno ya sahani

Ugumu mwingine hautokani na lugha ya kigeni bali na maneno yetu wenyewe ambayo mtaalamu na mwananchi huyatumia kwa maana mbili.

Neno la kwanza ni mboga. Katika Tabora, kama katika sehemu nyingi za bara, mboga ni chochote kinachosindikiza ugali: mlenda, maharage, dagaa, hata nyama ya ng'ombe. Kwa mtaalamu wa lishe mboga ni majani na matunda ya mimea ya bustani. Akiuliza, "Jana ulikula mboga?" naye aliyekula nyama akajibu, "Ndiyo," wote wawili wamesema kweli na hesabu imeharibika. Tunashauri kwamba katika maandishi ya utafiti iandikwe "mboga za majani" inapokusudiwa mimea, na "kitoweo" inapokusudiwa nyama au samaki, na kwamba neno mboga peke yake lisitumike kabisa.

La pili ni chakula. Kwa watu wengi chakula ni ugali au wali. Vingine ni vya kupitishia wakati. Mshiriki aliyeambiwa asile chakula kingine cho chote huweza kula embe lililodondoka njiani, akatafuna muwa na karanga, akalamba asali, na bado akaapa kwa moyo safi kwamba hakula. Hakusema uongo. Sharti hilo liandikwe hivi: "Usitie kinywani kitu chochote, kiwe cha kula au cha kunywa, isipokuwa mlo uliopewa na maji."

La tatu ni jamii ya maneno ya viazi vitamu vikavu. Watu wa Tabora na wa Usukumani hutofautisha michembe na matobolwa. Michembe ni viazi vilivyokatwa vibichi na kuanikwa juani; matobolwa ni viazi vilivyochemshwa kwanza, kisha vikakatwa na kuanikwa. Michembe ni lazima ipikwe tena. Matobolwa yaweza kuliwa kama yalivyo. Kwa mtafiti hivi ni vyakula viwili, kwa kuwa moto, maji na jua vimepita juu yake kwa utaratibu tofauti. Mfasiri akiandika "viazi vikavu" ameifuta tofauti ambayo wakulima walikwisha kuitia jina. Hatuoni sababu ya kuunda istilahi mpya hapa. Michembe na matobolwa yaingizwe katika orodha za vyakula kama yalivyo, kama vile mbege na togwa yalivyokwisha kuingia katika maandishi ya kitaalamu.

La nne ni mabaki. Hapa Kiswahili kimejaliwa wingi wa maneno, na kila moja lina kazi yake katika jiko la utafiti. Makombo ni yaliyobaki katika sahani ya mlaji. Hupimwa na kutolewa katika hesabu ya alichopewa. Ukoko ni ulioganda chunguni. Haukumfikia mlaji, kwa hiyo hupunguzwa katika uzito wa chakula kilichopikwa. Kiporo ni chakula kilicholala hadi asubuhi; katika utafiti huu hakigawiwi, isipokuwa taratibu zimeruhusu. Mfasiri anayeandika "mabaki" kila mahali anatupa hazina aliyokwisha kuirithi.

6. Maneno ya haki

Watumishi wa serikali watakuwa na shauku zaidi ya sehemu hii. Idhini na ridhaa si kitu kimoja. Idhini hutolewa na mwenye mamlaka, kwa mfano Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1979. Ridhaa hutoka moyoni mwa mtu mwenyewe baada ya kuelezwa. Idhini ya wakubwa haiwezi kuwa ridhaa ya mkulima wa Sikonge, na maandishi yanayochanganya maneno hayo humfanya aamini kwamba jambo limekwisha kuamuliwa juu yake.

Anayekula mlo uliopimwa aitwe mshiriki. Jina "mtafitiwa" humfanya kuwa kitu cha kutendwa, na "mgonjwa" ni uongo ikiwa ni mzima. Mshiriki aweza kujitoa. Hilo limo ndani ya jina lake.

Kugawanywa katika makundi bila upendeleo tunapendekeza kuitwe "kupangwa kwa nasibu". "Bahati nasibu" humkumbusha mtu tikiti na zawadi, naye atadhani kundi moja limeshinda na jingine limeshindwa. Siku za mwanzo ambapo wote hula chakula cha aina moja ziitwe "siku za kuzoea". Siku za katikati, ambapo mshiriki huacha mlo mmoja kabla ya kuanza wa pili, zimewahi kuitwa kwa tafsiri ya neno kwa neno "kipindi cha kusafisha", na msikilizaji akafikiria dawa ya kuharisha. Zinatosha kuitwa "siku za kupumzisha mlo".

Mwisho, fedha. Nauli anayorudishiwa mshiriki iitwe "marejesho ya nauli". Neno fidia libaki kwa madhara, iwapo yatatokea. Likitumika kwa nauli, mshiriki aweza kuuliza ni madhara gani anayolipwa mapema.

7. Mapendekezo

Tunaleta mbele ya wasomaji orodha ifuatayo, ili watafsiri na walimu waijaribu katika kazi zao.

Mlo uliopimwa: chakula ambacho kila kiambato chake kimepimwa kwa uzito na kupikwa kwa utaratibu ulioandikwa, kwa ajili ya mshiriki maalumu.
Kundi la ulinganisho: washiriki ambao matokeo ya makundi mengine hulinganishwa nao, mlo wao uwe umepimwa au haukupimwa.
Kiambato: kila kitu kinachoingia katika chakula, pamoja na chumvi, mafuta na maji.
Uzito mbichi, uzito ulioiva: uzito wa kiambato kabla ya kupikwa, na uzito wa chakula baada ya kupikwa.
Mgawo: kiasi cha mlo uliopimwa kinachotolewa kwa mshiriki mmoja kwa mara moja.
Mgawo pacha: mgawo ulio sawa na wa mshiriki unaotengwa kwa uchunguzi wa maabara.
Mzunguko wa milo: orodha ya milo ya siku kadhaa inayorudiwa.
Makombo, ukoko, kiporo: kama tulivyoeleza hapo juu.
Siku za kuzoea, siku za kupumzisha mlo: kama tulivyoeleza hapo juu.
Kupangwa kwa nasibu: kuwekwa katika kundi kwa njia isiyo na uchaguzi wa mtafiti wala wa mshiriki.
Ridhaa: kukubali kwa hiari baada ya kuelezwa.

Huenda baadhi ya wataalamu wakasema kwamba watu watazoea istilahi yoyote wakiisikia mara nyingi. Si kweli kabisa. Neno lishe lilienea nchini katika miaka ya 1970, baada ya Taasisi ya Chakula na Lishe kuanzishwa kwa sheria ya mwaka 1973, na baada ya kampeni ya "Chakula ni Uhai" ya mwaka 1975 kuingia vijijini kwa redio na kwa vikundi vya kujifunza. Redio ilisaidia, lakini aliyelisikia mara ya kwanza alitambua ndani yake kitenzi lisha, akawa ameshika nusu ya maana kabla ya kufundishwa. Istilahi za jiko la utafiti ziwe na sifa hiyo hiyo. Mpagazi wa Unyanyembe hakuhitaji kufafanuliwa kibaba cha mfuto ni nini; alikitazama kikifutwa mbele ya macho yake, akajua amepewa kiasi gani. Mshiriki wa leo naye anastahili maneno yanayomwonyesha waziwazi kile anachopewa, na kile anachoombwa.